Wakala Mmoja, Pande Mbili: Mnunuzi wa Nyumba Kakamega Hupata Nini?

Swali la iwapo mnunuzi wa nyumba hunufaika anapohudumiwa na wakala yuleyule anayemhudumia muuzaji limechunguzwa kwa miaka mingi na wanauchumi na mahakama za nchi mbalimbali, lakini mjini Kakamega lina uzito wa aina yake, kwa kuwa hapa ni nadra mnunuzi kuwa na wakala aliye wake peke yake. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 na mji huu kuwa makao makuu ya kaunti, huku Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro kikiendelea kuleta wanafunzi na wahadhiri wanaohitaji mahali pa kulala, nyumba za kupangisha na ploti za kujenga zimetafutwa kwa bidii Lurambi, Kefinco, Amalemba, Shirere na Milimani, pamoja na kando ya barabara ziendazo Webuye na Mumias. Ununuzi mwingi wa aina hiyo hupitia kwa mtu wa kati, awe ni kampuni yenye ofisi na bango au dalali mwenye simu na pikipiki.

Wakala, kwa maana ya kisheria, ni mtu aliyepewa mamlaka ya kutenda kwa niaba ya mwingine, na sheria ya uwakala ambayo Kenya iliirithi kutoka Uingereza humtwika wajibu wa uaminifu: asijinufaishe kwa siri, asifichue siri za aliyemtuma, wala asijiweke mahali ambapo maslahi yake yanagongana na ya mtu huyo. Uwakala wa pande mbili hutokea pale mtu mmoja, au watu wawili wa kampuni moja, wanapomwakilisha muuzaji na mnunuzi katika biashara moja. Ugumu wake unaonekana mara moja, kwa kuwa muuzaji ana bei ya chini kabisa ambayo hatashuka zaidi ya hapo, mnunuzi naye ana kiwango cha juu kabisa ambacho hawezi kukipita, na wakala wa pande zote mbili huzijua siri hizo zote. Akimwambia mnunuzi kwamba muuzaji ana shida ya karo na atakubali kidogo, amemsaliti muuzaji. Akinyamaza, mnunuzi anayemwita wakala wake amekosa habari ambayo wakala wa kweli angempa.

Tafiti zilizofanywa Marekani zinatoa jibu lisilotazamiwa na wengi. Huko Hawaii, ambako sheria ya mwaka 1984 iliwalazimisha mawakala kutangaza waziwazi wanapowakilisha pande zote mbili, watafiti waliolinganisha mauzo ya kabla na ya baada ya sheria hiyo waligundua kwamba kabla yake nyumba zilizouzwa kwa njia hii zilishuka bei kwa takriban asilimia 8, na baada yake tofauti ikabaki kama asilimia 1.4 tu. Kwa hesabu hiyo aliyeumia zaidi alikuwa muuzaji, kwa sababu wakala aliyeshika pande zote mbili alipendelea biashara ifungwe haraka, na njia nyepesi ya kuifunga ni kumshusha mwenye mali. Matokeo hayo yanapatana na ya wanauchumi Steven Levitt na Chad Syverson, ambao mwaka 2008 walichapisha uchunguzi wa karibu nyumba 100,000 za eneo la Chicago na kuonyesha kwamba mawakala wanapouza nyumba zao wenyewe huziacha sokoni kwa siku 9.5 zaidi na kupata bei iliyo juu kwa asilimia 3.7 kuliko wanapouza za wateja.

Hata hivyo, bei iliyoshuka haimaanishi kwamba mnunuzi amepata nyumba iliyomfaa. Lu Han na Seung-Hyun Hong, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2016 kuhusu mji mmoja mkubwa wa Amerika ya Kaskazini, walitaka kujua kwa nini wanunuzi wengi huishia kununua nyumba zilizoorodheshwa na kampuni ileile inayowahudumia. Takriban theluthi moja ya mauzo hayo, walikadiria, ilitokana na mawakala kuwaelekeza wateja kwenye nyumba za kampuni kwa sababu ya malipo ya ziada; yaliyobaki yalikuwa ya wanunuzi waliopata kweli walichokitaka, na kwa haraka zaidi. Jambo la kutiliwa maanani zaidi katika utafiti huo ni kwamba uelekezaji huo ulipungua pale wateja walipofahamu vizuri jinsi wakala anavyolipwa. Serikali nazo zimechukua misimamo tofauti: jimbo la British Columbia nchini Kanada liliupiga marufuku uwakala wa pande mbili kuanzia tarehe 15 Juni 2018, isipokuwa katika hali chache kama za maeneo ya mbali yenye uhaba wa mawakala, ilhali majimbo mengi ya Marekani huuruhusu mradi pande zote zijulishwe na kukubali kwa maandishi.

Mambo haya yote yanahitaji kupimwa upya yanapoletwa Kakamega, kwa kuwa soko lenyewe limejengwa kwa namna nyingine. Amerika ya Kaskazini kuna orodha ya pamoja ambamo nyumba zinazouzwa huonekana na mawakala wote, na mnunuzi anaweza kuchagua kati ya kuwa na wakala wake na kumshiriki wa muuzaji. Kakamega ploti moja inaweza kuwa mikononi mwa madalali wengi kwa wakati mmoja, picha zake zikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp huku kila anayezituma akijitambulisha kuwa ndiye aliyetumwa na mwenyewe. Dalali aliye karibu na mnunuzi humpigia dalali aliye karibu na mwenye mali, huyo naye humpigia jirani anayeijua familia, na kufikia siku ya kuonyeshana ploti kunaweza kuwa na watu watatu au wanne wanaotarajia kugawana ujira. Mnunuzi hudhani kwamba wa kwanza aliyempeleka ni mtu wake. Kwa hakika huyo hajatumwa na yeyote kwa maandishi, na uaminifu wake mkuu ni kwa biashara yenyewe, ikamilike.

Sheria ya Kenya ina la kusema juu ya hili. Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi ya mwaka 1984, ambayo ni Sura ya 533 ya Sheria za Kenya, iliunda Bodi ya Usajili wa Mawakala na kuharamisha kazi ya uwakala kwa malipo bila kusajiliwa. Mnunuzi anayehudumiwa na wakala aliyesajiliwa ana mahali pa kupeleka malalamiko na mtu anayeweza kunyang'anywa leseni, na katika biashara ya kushiriki wakala hilo ni jambo kubwa, maana anayeshika siri za watu wawili anapaswa kuwa na kitu cha kupoteza akiivunja imani yao. Lakini madalali wengi wa mtaani hawamo katika rejista ya Bodi, na itakuwa si haki kusema wote ni walaghai kwa sababu hiyo, kwani wengi wao wana ujuzi ambao ofisi nyingi hazina.

Ujuzi huo ndio faida halisi ya mnunuzi, na unastahili kuelezwa kwa urefu. Sehemu kubwa ya ardhi inayouzwa pembezoni mwa Kakamega, katika maeneo ya Butsotso na Isukha yaliyozunguka mji, ni ya ukoo iliyogawanywa kutoka kwa babu hadi kwa wajukuu, na si ajabu kukuta hatimiliki ingali kwa jina la mtu aliyefariki miaka mingi iliyopita. Anayeuza anaweza kuwa mwana wa tatu wa mke wa pili, ameonyeshwa sehemu yake na marehemu baba yake mbele ya wazee, ameilima tangu ujana wake na hakuna jirani anayembishia, lakini kisheria hana mamlaka ya kuiuza. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, hairuhusu ardhi ya marehemu iuzwe kabla ya msimamizi wa mirathi kuteuliwa na mahakama na mgao wake kuthibitishwa. Dalali anayeishi hapo anajua ni ndugu yupi ana kinyongo, ni shangazi yupi aliyerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa na kudai sehemu yake, na mpaka upi uliwahi kusogezwa. Anajua pia makaburi ya familia yako wapi, jambo ambalo mgeni kutoka Nairobi au Eldoret huenda asilifikirie, ingawa katika boma la Waluhya wafu huzikwa nyumbani, na kununua kipande chenye makaburi ni kununua pia haki ya wenyewe kuja kuyatunza, iwe imeandikwa au la.

Wakala aliyeajiriwa na mnunuzi kutoka mji mwingine hawezi kuyajua hayo kwa urahisi, ilhali yule anayefahamiana na muuzaji anayajua kabla hajaulizwa. Kwa kiasi hicho mnunuzi anayeshirikiana na muuzaji kwa wakala mmoja hupata njia fupi, hupunguza safari na gharama, na huenda akaepushwa na ploti yenye kesi. Tatizo ni kwamba ujuzi huohuo unaweza kufichwa na mtu yuleyule, kwa sababu ileile, kwani dalali akisema kwamba mirathi haijamalizika hana atakacholipwa siku hiyo. Kwa hiyo mambo mawili yapaswa kutenganishwa: kuitafuta mali, ambako wakala wa pamoja ana manufaa makubwa, na kuithibitisha mali, ambako mnunuzi hana budi kuwa na mtu wake.

Kuithibitisha huanzia katika masjala ya ardhi, kwa upekuzi rasmi ambao wengi huuita sachi. Cheti kinachotolewa hufuata sehemu tatu za rejista: ya kwanza hueleza mali yenyewe, yaani namba ya kipande, ukubwa wake na karatasi ya ramani ambamo kimechorwa, ya pili humtaja mwenye mali na tarehe aliyoandikishwa, ya tatu huonyesha mizigo iliyo juu yake, kama vile rehani ya benki, tahadhari iliyowekwa na mtu anayedai haki, au zuio la mahakama. Mnunuzi anayeletewa cheti hicho na dalali, badala ya kukitafuta mwenyewe au kupitia wakili wake, huwa ameupokea ushahidi kutoka kwa mtu anayesubiri kulipwa. Tarehe ya cheti inafaa kutazamwa kabla ya jambo lingine lolote, maana tahadhari inaweza kuwekwa leo juu ya ardhi iliyokuwa safi mwezi uliopita. Baada ya hapo mpimaji anayelipwa na mnunuzi huenda uwanjani na ramani kuhakikisha kwamba bikoni zilizo ardhini ndizo zilizochorwa, na kwamba kipande kilichoonyeshwa ndicho kilichopekuliwa, kwa kuwa hila ya kumwonyesha mnunuzi ploti ya mbele iliyo karibu na barabara na kumwandikia ya nyuma inajulikana sana.

Umuhimu wa hatua hii uliongezeka tarehe 21 Aprili 2023, pale Mahakama ya Juu ya Kenya ilipotoa uamuzi katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Mahakama ilisema kwamba hatimiliki peke yake haimkingi mnunuzi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha taratibu tangu mwanzo, hata kama yeye mwenyewe alilipa pesa zake kwa nia njema. Kwa maneno mengine, inampasa mnunuzi achimbe hadi kwenye shina la umiliki. Kazi ya namna hiyo huchukua muda, huibua maswali yasiyopendeza na huenda ikaivunja biashara, na hakuna sababu ya kutarajia kwamba mtu anayelipwa biashara inapofungwa ataifanya kwa moyo wote.

Historia ya Kakamega yenyewe ina kielelezo kikubwa cha msimamizi mmoja anayesimama pande mbili. Sheria ya Amana ya Ardhi ya Wenyeji ya mwaka 1930 iliiweka serikali ya kikoloni katika nafasi ya mlinzi wa ardhi za Waafrika, ikiahidi kwamba kipande chochote kitakachotolewa katika maeneo yao kitafidiwa kwa ardhi nyingine ya ukubwa uleule. Mwaka uliofuata dhahabu ikagunduliwa Kakamega, watafutaji wa Kizungu wakamiminika, na serikali ileile iliyokuwa mlinzi wa wenye mashamba ikawa pia mtoaji wa leseni za kuyachimba. Mnamo Desemba 1932 sheria ilirekebishwa ili ardhi iliyohitajika kwa uchimbaji iweze kutolewa bila kufidiwa kwa ardhi, fidia ikiwa ya pesa, na bila baraza la wenyeji kushauriwa kwanza kama ilivyoahidiwa. Uchungu wa jambo hilo haukusahaulika upesi, na kisa hiki kinaonyesha jinsi mwenye kulinda upande mmoja anavyoweza kuuachilia pale upande wa pili unapokuwa na pesa na haraka.

Suala la malipo ndilo linalohitaji uwazi zaidi. Kwa desturi ya wakala aliyesajiliwa, muuzaji hulipa asilimia fulani ya bei, na kiwango kinachotajwa mara nyingi ni kama asilimia 3. Tuseme nyumba ya kupangisha iliyo ndani ya mji imetajwa kwa shilingi 5,800,000. Ikiuzwa kwa bei hiyo wakala atapata shilingi 174,000, na mnunuzi akifaulu kuishusha hadi 5,500,000 atapata 165,000. Mnunuzi ameokoa shilingi 300,000 huku wakala akipoteza 9,000 tu, kiasi ambacho hakitoshi kumfanya apigane na upande wowote. Wakala wa namna hii anaweza kushirikiwa na watu wawili bila madhara makubwa, ilimradi wote wajue kwamba atakachokipigania hasa ni kufungwa kwa biashara, na wazungumze bei wao wenyewe ana kwa ana.

Mambo hubadilika kabisa chini ya utaratibu wa cha juu, unaotumiwa sana na madalali wasiosajiliwa. Mwenye nyumba husema anataka shilingi 5,000,000 mkononi, dalali humwambia mnunuzi 5,800,000, na tofauti ya 800,000 ni yake. Hapa kila shilingi anayoiokoa mnunuzi inatoka mfukoni mwa dalali moja kwa moja, kwa hiyo mtu anayemwamini kama mshauri ndiye mpinzani wake katika bei. Dalali hatakubali wawili hao wakutane peke yao, na mnunuzi anayezuiwa kuzungumza na mwenye mali, au anayeambiwa kwamba mzee hapendi kusumbuliwa, ana dalili ya kutosha ya kuuliza jinsi malipo yalivyopangwa. Utafiti wa Hawaii ulionyesha muuzaji akiumia. Chini ya cha juu huumia wote wawili, kwa kuwa muuzaji hukosa bei ambayo soko lilikuwa tayari kuitoa, na mnunuzi hulipa zaidi ya ambayo muuzaji alikuwa tayari kuipokea.

Wapo wanaojaribu kupunguza gharama kwa kushiriki wakili pia, pengine wakili aliyependekezwa na dalali huyohuyo. Sheria haijafunga mlango huo kabisa, ila Mahakama ya Rufaa ilieleza katika kesi ya kampuni ya King Woollen Mills ya mwaka 1993 kwamba wakili aliyewatumikia wateja wawili katika shughuli moja hawezi baadaye kumtetea mmoja dhidi ya mwenzake mgogoro ukizuka juu ya shughuli hiyo. Maana yake kwa mnunuzi wa Kakamega ni kwamba siku atakapomhitaji wakili kuliko siku nyingine yoyote, huyo wa pamoja atalazimika kujitoa. Ada iliyookolewa ni ndogo mno ikilinganishwa na hatari hiyo, na wakili ni mtu wa kwanza ambaye mnunuzi hafai kumshiriki na yeyote, hata akikubali kumshiriki wakala.

Makubaliano ya kuuza ardhi au nyumba nchini Kenya lazima yawe ya maandishi, yatiwe saini na pande zote na kushuhudiwa, kama Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inavyotaka, na kwa desturi mnunuzi hutoa arubuni ya asilimia 10, ambayo hukaa kwa wakili wa muuzaji hadi taratibu zikamilike. Arubuni hiyo haina sababu ya kupitia kwa dalali. Kama ardhi ni ya kilimo, nje ya mipaka ya mji, pande zote mbili huenda pia mbele ya bodi ya kudhibiti ardhi kuomba kibali, na mke au mume wa muuzaji hutakiwa kukubali mauzo. Katika makaratasi hayo yote bei huandikwa, na hapo ndipo cha juu hukosa mahali pa kujificha. Ikiandikwa 5,800,000, mnunuzi wa nyumba ya mjini atalipa ushuru wa stempu wa asilimia 4, yaani shilingi 232,000 badala ya 200,000, na muuzaji ambaye hana msamaha wa kisheria atatozwa kodi ya asilimia 15 ya faida, ikihesabiwa pamoja na zile 800,000 ambazo hakuzipokea, nyongeza ya shilingi 120,000. Laiti ujira huo ungelikuwa ada ya wakala iliyo wazi na yenye risiti, ungekatwa katika hesabu ya faida hiyo. Ikiandikwa 5,000,000, ushuru umekwepwa, na zile 800,000 alizopewa dalali mkononi hazimo katika mkataba wowote, kiasi kwamba mauzo yakivunjika na mahakama kuamuru mnunuzi arudishiwe pesa zake, muuzaji atarudisha zilizoandikwa, na mnunuzi atabaki kumtafuta dalali ambaye hakutia saini popote.